Kisu Kilichokatazwa Kulala

"Kisu wima hutoboa, kikilala hupunguza."

Maneno hayo mliyasikia jana jioni uwanjani, pale nahodha wenu Nyange alipokusanya kundi akitaka mwende mkaupige mateke mlango wa Mzee Chande, kwa kuwa ameziba kwa miiba kile kijia mnachopitia kwenda kucheza mpira. Kocha wenu hakuwazuia kwa fimbo. Alisema maneno hayo tu, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Nanyi mkabaki mkitazamana. Kisu gani tena? Na mlango wa Mzee Chande una undugu gani na kisu?

Leo mmekuja kuuliza, na mmefanya vyema. Methali ni kama mtu: ina kwao, na ina siku iliyozaliwa. Kaeni basi, na huyo anayetafuna muwa apunguze kelele. Hii ilianza hivi.

Katika mji wa Kilemeni, zamani, lakini si zamani za majini na mazimwi, kazi ya kujivunia ilikuwa kushona makubadhi. Makubadhi mnayajua: viatu vya wazi vya ngozi, vyenye gidamu inayopita kati ya dole gumba na kidole cha pili, na ukanda mpana unaokaa juu ya mguu. Mnachokiona ni mapambo ya nyuzi nyekundu na kijani. Msichokiona ndiyo kazi yenyewe. Ukanda ule hukunjwa ukingoni, kisha hushonwa juu ya mkunjo, na ngozi ikikunjwa unene wake huwa mara mbili. Ukiuacha hivyo, ukingo hugeuka meno. Mvaaji hamalizi hatua mia kabla mguu haujalia. Kwa hiyo fundi, kabla ya kukunja, huupara ukingo upande wa ndani kwa kisu, akaupunguza kidogo kidogo mpaka uwe kama karatasi. Ukikunjwa hapo, unene haupiti ule wa mwanzo, na mguu hauna habari kwamba kuna ukingo.

Kupara ndilo lilikuwa somo la mwisho kwa mafundi wa Kilemeni. Mwana wa fundi alifundishwa kukata ngozi, kuitoboa kwa msharasi, kupaka uzi nta, kushona na kupamba. Kupara alingoja mpaka atimize miaka kumi na minane, kwani mkono wa mtoto huharibu, na ngozi iliyoharibika haioti tena. Hata baba alipopara, aliupa mlango mgongo, watoto wasije wakaiga kabla ya wakati.

Sasa, katika mji huo alikuwako kijana aitwaye Lali, mwana wa fundi Kupi. Baba yake alifariki Lali akiwa na miaka kumi na sita. Hesabuni wenyewe muone kilichobaki bila kufundishwa.

Lali hakulia mbele za watu. Alifungua kiwanda cha baba yake siku ya nane, akakaa juu ya kigoda cha baba yake, akashona. Alishona viatu vya wakulima, vinene, vya kukanyagia mbigili, na wakulima hawakulalamika, kwa sababu nyayo zao zilikuwa ngumu kuliko viatu. Akajulikana. Na kadiri alivyojulikana ndivyo shingo yake ilivyonyooka. Mtu akimuuliza amefundishwa na nani, alijipiga kifua:

"Nimejifundisha mwenyewe! Kilemeni nzima haina aliyenishika mkono."

Kitu kimoja tu alikubali kwamba amerithi, nacho ni usia. Katika mwaka wake wa mwisho, fundi Kupi aliugua kifua. Kila jioni, kazi ikiisha, alikitazama kisu cha kupara kilichobaki juu ya kigogo, akanyoosha kidole chake chembamba, akasema, "Lali, usikilaze kisu..." Kisha kikohozi kikamchukua, akainama, akafuta mdomo, na mazungumzo yakaishia hapo. Jioni baada ya jioni, maneno yale yale. Lali aliyaweka moyoni kama amana. Na alipoanza kujaribu kupara peke yake, aliutii usia wa baba: alikishika kisu wima, kimesimama kama alifu, akakikaza mkononi na kukisukuma kwa nguvu zake zote. Ngozi ikatoboka. Akasema ngozi ni mbaya. Akachukua nyingine, nayo ikatoboka. Akasema mbuzi wa siku hizi hawali majani ya maana.

Akaacha kupara, akarudi kwenye viatu vya wakulima, na miaka ikapita minne.

Alipofika ishirini alimpenda Mwanakheri, binti wa Maalim Shekuwe, mwalimu wa chuo cha Kurani cha watoto. Mwanakheri naye alimpenda, na hilo halikuwa siri, kwa sababu kila ndara yake ilipokatika aliipeleka kwa Lali, na ilikatika mara tatu kwa mwezi. Posa ikapelekwa, ikakubaliwa. Mbuzi akachinjwa siku hiyo ya posa, watu wakala, na ngozi yake ikawekwa kando.

Ngozi ile haikuwekwa bure. Ilikuwa desturi ya mji kwamba mwana wa fundi akioa, amshonee mkwewe makubadhi kutokana na ngozi ya mbuzi wa posa. Siku ya nikahi mkwe huyavaa kutoka mlangoni kwake mpaka msikitini, watu wote wakimtazama miguu. Akifika ameyavaa, nikahi husomwa. Akiyavua njiani, watu hurudi makwao bila neno, na kijana huambiwa akajifunze kazi mwaka mzima. Mwaka ni mrefu. Mlango ulioachwa wazi mwaka mzima hupigwa hodi na wengi.

Na mguu wa Maalim Shekuwe haukuwa mguu wa mzaha. Utotoni shoka liliteleza kwenye mti likamwangukia juu ya mguu wa kuume, likamwachia kovu lenye ngozi laini kama utando wa yai. Miaka saba sasa alikuwa hajavaa kiatu cha ngozi. Alivaa ndara za mpira, tena moja alikuwa ameikata upande.

Siku Lali alipokwenda kumpima nyayo, Maalim alinyoosha mguu, akacheka kidogo. "Kijana, mimi sina ugomvi nawe. Mwenye ugomvi ni huyu mguu. Msikilizane wenyewe."

Mwenye busara angesema inshallah akanyamaza. Lali akasema, "Maalim, utavaa mpaka usahau kama umevaa!"

Maneno yalisikika mpaka ndani, Mwanakheri akatabasamu nyuma ya pazia. Lali akatoka akitembea kama aliyekwisha kuoa.

Ngozi ilikuwa imetiwa dawa kwa magome ya mkoko, nyekundu, nzuri, haina doa. Baada ya kuondoa sehemu za tumbo zilizo dhaifu, alipata kanda za jozi tatu. Jumapili akapara jozi ya kwanza. Kisu wima. Kanda zikatoboka ukingoni, tundu hapa, mpasuko pale. Hajali, jozi mbili zimebaki. Jumatatu akapara ya pili. Safari hii aliweka nguvu zaidi, meno ameyauma, jasho likidondoka juu ya ngozi, na kisu cha baba yake kikalia ta! Nusu ya ubapa ikaruka ikagonga ukuta, na kanda zikawa zimechanika.

Lali alikaa akikitazama kile kigutu. Kanda mbili tu zilikuwa zimebaki za mbuzi wa posa, na nikahi ni Ijumaa baada ya Alasiri. Mbuzi yule hakuwa na ngozi nyingine ya kumpa.

Usingizi aliutafuta hakuupata, na kulipokucha alikuwa amepata wa kumlaumu: kisu. Kilikuwa kisu kikuukuu. Katika mji mkubwa, mwendo wa siku mbili kwenda na mbili kurudi, kulikuwa na duka lililotundika visu vya kupara vya kutoka Ulaya, vyenye mpini mweusi unaong'aa, ambavyo bei ya kimoja ingekununulia ndama. Nikipata kile, alijiambia, sitashindwa. Lakini siku hazitoshi. Ilibidi nikahi isogezwe, na wa kwenda kuomba hilo ni mkubwa wa upande wa baba, na mkubwa huyo alikuwa shangazi yake, Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mjane anayeishi peke yake karibu na kisima. Kwa mikono yake alivalisha ngozi majalada ya juzuu za watoto wa chuo, akitumia vipande ambavyo mafundi wa makubadhi walivitupa. Lali alikuwa ameiona kazi hiyo mara elfu, na hakuwa ameitazama hata mara moja. Kwake ilikuwa kazi ya jikoni.

Jumanne asubuhi alimkuta ameketi juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, na kipande cha kioo cha dirisha kimelala mapajani mwake juu ya gunia.

"Hodi!"

"Karibu, mwana wa ndugu yangu. Pita, ila usinikanyagie vipande vyangu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso huo? Wewe ni bwana harusi au ni mfiwa?"

Lali hakukaa. "Nimekuja kukuomba uende kwa Maalim. Nikahi isogezwe."

Bi Somoe hakuinua kichwa. "Isogezwe mpaka lini?"

"Mpaka nipate kisu. Cha baba kimevunjika. Kule mji mkubwa kuna visu vya Ulaya vya kupara, vizuri, vikali. Nitauza baiskeli, nitauza saa, nitakinunua."

"Na hicho kisu cha Ulaya huuzwa pamoja na mkono wake?"

Damu ikampanda Lali. "Shangazi, wewe unashona majalada ya watoto. Mambo ya makubadhi huyajui!"

"Kweli, siyajui," akasema Bi Somoe, taratibu, akaendelea na kazi yake. "Nionyeshe hizo kanda zilizoharibika, nami nijue."

Lali akazitoa mfukoni akamtupia. Bi Somoe akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukapenya ukingoni kwa matundu saba, nane.

"Ala! Huyu panya ana meno. Hebu nionyeshe anavyotafuna."

Akampisha kwenye kibao, akamwekea kioo mapajani, akamtia mkononi kisu chake. Lali akakitazama kama mtu aliyepewa mwiko kwenda nao vitani. Kilikuwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma, kirefu kama kidole cha kati, meno yake yamesagwa yakaisha, ncha imenolewa mshazari upande mmoja tu, na mpini ni utepe wa mpira wa baiskeli uliozungushwa.

"Hiki?"

"Hicho hicho. Kilimkatikia fundi bomba, akakitupa kwa hasira. Wenye hasira hutupa vitu vizuri sana. Mimi nimejengea nyumba."

"Na umekinoa kwa kitu gani? Huna jiwe hapa."

Bi Somoe akapindua kikombe cha kaure kilichokatika sikio, akamwonyesha kitako chake, ile duara isiyong'aa, inayokwaruza kidole. "Jiwe langu hili. Asubuhi nanywea chai, mchana nanolea. Haya, para."

Akampa kipande kikuukuu cha ngozi. Lali akakilaza juu ya kioo, upande wa ndani juu. Akashika kisu, akakisimamisha wima, akakaza mkono.

"Ngoja!" Bi Somoe akamshika kifundo cha mkono. "Mbona umekisimamisha kama mnara wa msikiti?"

"Ndivyo nilivyousiwa."

"Na nani?"

"Na baba! Nani mwingine? Kila jioni mpaka anakufa aliniambia, 'Lali, usikilaze kisu.' Mimi silazi kisu, shangazi. Hata ngozi zikiisha Kilemeni nzima, neno la baba yangu sitalivunja!"

Bi Somoe akamwachia mkono. Akamtazama. Midomo ikaanza kumchezacheza, kisha akacheka, kicheko cha kwanza kidogo, cha pili kikamwangusha kanga begani, na kabla hakijaisha macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na Lali hakujua tena kama mama huyu anacheka au analia.

Lali akasimama, kioo nusura kianguke. "Unamcheka baba yangu? Marehemu?"

"Keti, mwanangu. Keti. Simcheki yeye." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Babu yako alitufundisha neno moja, mimi na baba yako, tungali wadogo, hatujamfikia mtu kiunoni. Kila jioni tulilisema pamoja kama dua, ndipo tukapewa chakula. 'Usikilaze kisu kichafu, kisu kichafu huamka na kutu.' Basi. Kisu kifutwe, kipakwe mafuta, ndipo kikalale. Baba yako alilisema hilo maisha yake yote. Mwaka ule wa mwisho pumzi haikumfikisha. Wewe ulipata kichwa cha maneno, mkia ukaliwa na kikohozi."

Nje mtu aliteka maji, kamba ikapiga ukingo wa kisima. Lali aliziona zile jioni moja baada ya nyingine: kidole chembamba, kisu juu ya kigogo chenye takataka za ngozi, mzee akiinama. Kumbe alikuwa akionyesha uchafu.

"Kwa hiyo," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyoitaka, "miaka minne nimekuwa nikitii kikohozi."

"Umetii kwa moyo mmoja, na Mungu atakulipa kwa hilo. Ngozi hazitakulipa." Akamrudisha kwenye kibao. "Sasa nisikilize. Kisu wima hutoboa, kikilala hupunguza. Mimi sina kingine cha kukufundisha. Kilaze."

Lali akakilaza. Ubapa ukakaribia kugusa ngozi, ukabaki mwanya wa kupita uzi. Akasukuma. Ukingo ukapasuka.

"Umeona? Hata kikilala!"

"Kisu kimelala, wewe bado umesimama," akasema Bi Somoe. "Tazama bega lako lilivyo. Unapigana na nani humu? Mimi nimezeeka, ngozi imekufa. Teremsha bega. Anza pembeni kabisa, usiitake yote mara moja. Ondoa kile ambacho hata mwenyewe hukioni, halafu rudia."

Lali akavuta pumzi, akaitoa. Akateremsha bega. Kisu kikateleza kuelekea ukingoni, mshazari, na mbele yake kikainuka kitu, chembamba, kikajikunja chenyewe kama ganda la kitunguu. Akarudia. Kikaja kingine. Akainua kipande kwenye mwanga: hakuna tundu. Akakishika ukingo kati ya vidole viwili, akahisi ngozi ikishuka polepole, polepole, mpaka ikaisha bila kusema imeishia wapi.

Alipuliza lile ganda la ngozi, likaruka, likatua kwenye nywele za shangazi yake, na wote wawili wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kitupu.

"Bado unataka niende kwa Maalim?" akauliza Bi Somoe.

"Nenda," akasema Lali. "Mwambie aoshe mguu."

Jumatano yote alipara vipande vibovu mpaka chumba kikafanana na mahali palipomenywa vitunguu vya karamu. Alhamisi akaleta zile kanda mbili za mwisho. Ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili, katikati ya ukingo, kisu kikagota. Kikakwama mahali ngozi ilipokuwa ngumu, na Bi Somoe aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni akaona bega la kijana likipanda. Alitaka kusema. Akauma ulimi.

Bega likashuka. Lali akakirudisha kisu nyuma, akapindua kikombe, akakinoa mara saba huku na mara saba kule, akakisugua kwenye mkanda wake wa ngozi, akakilaza tena pale pale palipomshinda. Kikapita kama kilichoitwa.

Bi Somoe akaenda zake jikoni.

Ijumaa baada ya Alasiri, watu walijipanga kutoka mlango wa Maalim mpaka msikitini. Lali alikuwa mbele ya msikiti, amevaa kanzu nyeupe. Maalim Shekuwe akatoka, makubadhi mapya miguuni, akaanza kutembea taratibu kama atembeavyo siku zote. Hatua kumi. Hamsini. Wanawake madirishani walihesabu kwa vidole. Akapita kisima. Akapita nyumba ya Bi Somoe.

Alipofika nusu ya njia, akasimama.

Mji mzima ukasimama naye. Maalim akautazama mguu wake wa kuume. Akainama polepole, akanyoosha mkono mpaka kwenye ukanda. Kutoka dirisha la juu ikasikika sauti ya msichana, "Yallah, baba!"

Maalim akaugusa ukanda kwa kidole, akainuka, akawatazama watu. "Mbona mmekauka? Nimesimama kuhakikisha kama nimevaa."

Vigelegele vilivyopasuka hapo, wazee wa Kilemeni waliapa kwamba viliwaamsha popo. Lali akajikuta ameketi kwenye ngazi ya msikiti, kanzu yake mpya vumbini, akicheka na kufuta macho, na hakuna aliyemwambia kwamba bwana harusi hakai chini. Maalim akafika, ameyavaa. Nikahi ikasomwa. Mwanakheri akawa mke wa Lali, na ndara zake tangu siku hiyo hazikukatika tena.

Lakini methali haikuzaliwa bado. Ilizaliwa pale kwenye baraza ya msikiti, halua zikipitishwa, Maalim alipomgeukia mkwewe mbele ya mafundi wote wa mji.

"Kijana, miaka saba nimetafuta kiatu cha mguu huu. Umetumia kisu gani? Na nani aliyekufundisha?"

Mafundi wakasogea. Walikijua kifua cha Lali, walingoja kilie kama ngoma. Na kweli, mkono wake uliinuka kwenda kifuani kwa mazoea. Ukafika, ukatulia hapo.

"Kisu ni kipande cha msumeno kilichotupwa," akasema. "Kimenolewa kwa kitako cha kikombe cha chai. Na aliyenifundisha ni shangazi yangu Somoe, anayeshona majalada ya watoto wenu. Aliniambia hivi: Kisu wima hutoboa, kikilala hupunguza."

Kila fundi akayarudia maneno hayo kimoyomoyo. Na kwa kuwa yameanguka mizani nane kwa nane, kama mshororo uliopangwa, wanawake waliyachukua jioni ile ile wakayaimba harusini, na watoto wakayachukua kwa mama zao. Wiki ile waliokuja kuomba vipande vya misumeno kwa fundi bomba walikuwa wengi kuliko waliokuja kuzibiwa mabomba. Mke aliyegombana na mumewe akaambiwa hivyo. Mdai mwenye sauti kubwa akaambiwa hivyo. Neno likatoka kwenye ngozi likaingia kwa watu.

Lali alikinoa kile kigutu cha kisu cha baba yake kikawa kifupi lakini kizuri, akakitumia mpaka uzeeni. Kila jioni alikifuta, akakipaka mafuta, akalisema neno la babu yake lote, kichwa na mkia. Ndipo akakilaza.

Basi nendeni sasa kwa Mzee Chande. Mwende wawili watatu tu, msiende kundi zima. Pigeni hodi, msalimieni, muulizeni kwanza kilichomfanya aweke miiba. Huenda mpira wenu umevunja kitu ambacho hamkukiona. Nawe Nyange, ukifika mlangoni ukahisi bega linapanda, literemshe.

Kisu wima hutoboa, kikilala hupunguza.